Maharage Yangu Sikuyaacha

Mwaka uliofuata baada ya kumzika mume wangu, maharage yangu yalikauka. Yaliota vizuri kati ya migomba, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kule Mwika, halafu wiki ya tatu majani yakawa njano na miche ikaanza kulala mmoja mmoja. Msimu wa pili ikawa vilevile.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja kuangalia. Alisimama pembeni, hata hakuinama. Akasema ardhi imechoka, na mwanamke peke yake haiwezi. Akashauri tupande miti ya mbao, yeye ataisimamia. Nilimwelewa. Miti yake ikishasimama pale, na shamba litahesabiwa lake.

"Shemeji," nikamwambia, "hapa nitapanda maharage."

Akacheka kidogo, akaenda zake.

Nilipiga magoti nikang'oa mche uliokuwa unakufa. Karibu na mizizi shina lilikuwa limevimba na kupasuka. Nikalichana kwa kisu cha kumenyea ndizi. Chini ya ganda kulikuwa na funza weupe, wadogo kuliko punje ya mchele. Nilikaa pale pale nikalia kwa hasira. Misimu miwili nilikuwa nimeamini kwamba mkono wangu ndio wenye kasoro.

Nikayafunga mashina kwenye mfuko, nikashuka kwa bwana shamba wa kata. Akaniambia ni inzi wa maharage: mdogo, mweusi, anang'aa, hutaga kwenye majani ya kwanza, na funza wake huteremka ndani ya shina hadi chini. Nikamweleza kwamba nilishapiga dawa mara mbili. Akasema nilichelewa, kwani majani yakishakuwa njano funza yuko ndani na dawa haimfikii. Nipande mvua zinapoanza tu, nitie samadi, ning'oe miche iliyougua sana na kuichoma, na ile iliyougua kidogo niipandishie udongo hadi juu ya jeraha ili shina litoe mizizi mipya.

Masika yaliyofuata nilipanda siku ya pili ya mvua. Kila asubuhi nilikuwa chini, nageuza majani. Jirani akasema nayapigia magoti maharage kuliko ninavyopiga kanisani. Nikamjibu kwamba Mungu ananiona kote kote.

Maharage yalipofika urefu wa kiganja, shemeji alikuja na gunia la miche ya miti, hakuuliza mtu. Nilisimama katikati ya njia na jembe langu.

"Hii ni ardhi ya ukoo," akasema.

"Ndiyo. Na mimi na wanangu ni ukoo. Rudi nayo."

Sikusogea. Aliliacha gunia getini. Siku ya tatu akatuma mtu alichukue.

Sikuvuna kama enzi za mume wangu. Karibu robo ya miche niliichoma. Lakini nilipata ya kula na ya mbegu. Nikapika kiburu, ndizi na maharage pamoja, nikampelekea mama mkwe wangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akala. Alipomaliza akaniomba mbegu za kupanda kwake.

Msimu huu inzi wamerudi. Asubuhi ya leo nimeng'oa miche kumi na miwili, na nusu ya shamba bado sijaipandishia udongo.