Mwalimu Winfrida na jibu la Rosa

Saa mbili asubuhi ukungu bado umelala juu ya matuta ya kabichi, upande wa Mgeta. Mwalimu Winfrida ameketi kwenye dawati la nyuma kabisa katika darasa la sita, magoti yamebanwa na mbao. Ni mkufunzi wa chuo cha ualimu mjini Morogoro. Amepanda mlima kumwangalia Evance, mwanachuo kutoka Bukoba, akifanya mazoezi ya kufundisha.

Somo ni Uraia. "Nani mkuu wa familia?" Evance anauliza.

Rosa, binti wa miaka kumi na mitatu, ananyoosha mkono. "Mjomba."

Wenzake hawaoni ajabu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya shamba na posa. Anayecheka ni Evance. "Mjomba! Kwenu hakuna baba? Kaa chini."

Hapo wanafunzi nao wanaangua kicheko. Rosa anaketi, uso ameuinamisha.

Kipindi kikiisha, mkufunzi anamvuta kijana pembeni. "Evance mwanangu, si nilikufundisha uanze na kile mtoto anachokijua kwao?"

"Ulinifundisha, mwalimu. Lakini kitabu kinasema baba. Akiandika mjomba kwenye mtihani, atapata?"

Winfrida anatikisa kichwa: hatapata.

"Na mimi nilitoka Songea sijui lolote," Winfrida anasimulia baadaye. "Nilikaa na Waluguru hawa, nikalima nao, wakanikosoa. Ndipo nikaweza kuwafundisha watoto wao."

Zamani wanachuo wake walikaa kijijini muhula mzima. Tangu matumizi ya Serikali yabanwe na wazazi waambiwe wachangie elimu, chuo kimefupisha mazoezi hadi wiki tatu. Yeye mwenyewe ameshaarifiwa kwamba mwaka huu wa 1996 atapunguzwa kazini.

Kesho yake Rosa haji shuleni, wala keshokutwa. Winfrida anamkuta gulioni, tenga la kabichi kichwani, akiwapakilia wachuuzi wa Dar es Salaam ambao malori yao yamejaa huku tangu biashara iachiwe huru.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona shule umeitupa?"

"Mjomba kasema, kama huko hawamtambui, basi nimfanyie yeye kazi."

Ijumaa mazoezi yanakwisha. Winfrida anamsihi Evance waende pamoja kwa mjomba huyo, Mzee Petro. Kijana anatazama chini. Anaomba samahani, anasema lori linaondoka. Anapanda juu ya magunia ya karoti na kushuka zake mjini. Januari atakabidhiwa darasa lake mwenyewe.

"Si kijana mbaya," Winfrida anasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Hilo ndilo linaloniuma."

Jumapili, baada ya misa, atakwenda peke yake. Hatarajii mengi. Amewaona mabinti wengi wakiacha shule hivi, na hamkumbuki hata mmoja aliyerudi.

"Mzee Petro akikataa, basi. Lakini nitamwomba radhi, na Rosa awepo asikie. Miaka yote hii huku mlimani, sijaona mwalimu akimwomba radhi Mluguru."