Programu za Harusi na Waya wa Birika

Ijumaa iliyopita nilipanga foleni katika ofisi moja ya kuchapa pale Kaplong. Mbele yangu walikuwa msichana na mama yake. Msichana anaolewa kesho yake, na programu za kanisani bado hazijachapwa.

Dada mwenye ofisi akabonyeza kompyuta. Kimya. Akabonyeza tena kwa kidole gumba, huku amekunja uso. Msichana akaziba mdomo kwa leso.

"Stima iko," dada akasema, maana redio aliyoichomeka kwenye soketi ya kompyuta iliimba. Akachomoa waya wa skrini, akautia kwenye kompyuta. Feni ya kompyuta ikanguruma. "Kumbe ni waya umekufa! Lakini sasa skrini itakosa wake, na mwingine ni mpaka Kericho."

Mama akaonyesha kwa mkono birika la stima lililokuwa dirishani. "Na ule wa birika? Si kichwa chake ni kama hicho?"

Dada akalikumbatia birika. "Mama, hii ni chai yetu ya saa kumi!"

"Leo kunyweni maji, msichana wangu," mama akamjibu dada. "Kesho chai ni kwangu, nyinyi wote."

Dada akauchomoa waya wa birika, ukaingia sawasawa kwenye skrini. Skrini ikawaka, majina ya maharusi yakatokea, na mama akapiga vigelegele mpaka wenye maduka jirani wakaja kuchungulia.

Nimezaliwa katikati ya majani chai, na sikuwahi kuona ofisi ya huku kwetu ikikubali kukosa chai. Kumbe inawezekana, mradi kuna binti anaolewa.