Jino Pana la Rehema

Mama zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Mimi si msemaji, nimezoea kunadi kabichi sokoni tu. Lakini muuguzi wa kliniki hii ameniomba nieleze yaliyompata mwanangu, nami nitajaribu kabla machozi hayajaniwahi.

Tulikuwa tunaishi vizuri, mimi, mume wangu na mama mkwe, tunalima kabichi na karoti. Rehema alikuwa mtoto wa kucheka. Alipofika miezi tisa, jino likaota mbele, chini. Lilikuwa pana kama mawili, lina mfereji katikati. Mama mkwe akaliangalia. Jioni akaniuliza, "Ulipokuwa na mimba, ulikula ndizi pacha?"

Nilikula. Nani ana njaa ya mimba akachagua ndizi? Nikakubali, na tangu hapo kosa likawa langu.

"Hilo jino baya," akasema. "Ling'olewe mapema. Likichelewa litamuua."

Mume wangu alikuwa Mombo, anapakia mizigo. Mimi niliyeolewa juzi nimbishie mama mwenye nyumba? Nilimshika mwanangu kichwa mwenyewe, fundi wa kung'oa meno aliyeitwa na mama mkwe akamchokonoa ufizi kwa spoku ya baiskeli. Jino halikutoka. Ilitoka damu.

Siku ya pili ufizi ukavimba. Siku ya tatu ukatoa usaha, na shavu likafura mpaka jicho likafumba. Mwili ulikuwa moto. Titi alilitaka, lakini likimgusa tu analia na kuliachia. Maziwa yakanijaa yakanilowesha gauni, na mtoto ana njaa mikononi mwangu. Sikujua la kufanya. Nilikaa tu.

Mwishowe nikambeba hadi hospitali Lushoto, mama mkwe nyuma yangu. Mtoto akachomwa sindano, akawekewa dripu. Siku nne kazi yangu ilikuwa kuangalia kama anapumua. Siku ya tano akanyonya.

Daktari wa meno akatueleza polepole. "Mama, haya ni meno mawili. Yaliungana yakiwa bado machanga ndani ya ufizi, mtoto akiwa tumboni. Mara nyingine ni ya kurithi, mara nyingine sababu hatuijui. Ndizi haihusiki. Msafishe huo mfereji usioze, na akianza kung'oka meno mumlete, tuone kama ya ukubwani yapo yote. Kuna mwingine kwenye ukoo?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Mwanangu wa kwanza. Kaka yake baba wa huyu. Alikuwa nalo hivihivi. Tulimng'oa, akafa. Miaka yote najua tulichelewa."

Mimi nilikuwa nimejaa hasira, nikakosa pa kuianzia.

Namshukuru Mungu na madaktari. Rehema sasa ana miaka miwili, anatafuna viazi kwa jino lake hilohilo. Kina mama, jino likikushangaza, mlete mtoto hapa kwanza. Ukiwa mkwe, mlete hata kwa kugombana na mama mwenye nyumba.

Mama mkwe tumekuja naye, ni yule aliyekaa karibu na mlango. Ndiye aliyeniambia nisiliruke hilo la mwanawe wa kwanza. Mkitoka, msalimieni.