Mwizi wa Kuongeza

Mtaani walimwita Mama Akiba, na wala hawakumwonea. Kila alipopima mchele wa kupika alirudisha konzi moja kwenye debe la chini ya meza, njaa iwepo isiwepo. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu haba na haba hujaza kibaba, kisha anakutazama kana kwamba wewe ndiye mwehu. Biskuti alinunua zilizovunjika, zile wanazouza waokaji kwa bei ya kutupa mlango wa nyuma. Vipande vya mishumaa aliviyeyusha, akamimina kwenye kopo la maziwa na kutia utambi wa uzi wa godoro. Maji yalikaa kwenye chupa za mafuta zilizosuguliwa kwa majivu. Na sheria ya nyumba ilikuwa moja: cha zamani kiliwe kwanza, kipya kikae nyuma. Sheria nzuri sana, ila kwa ajili yake watu wa nyumba ile hawakuwahi kuonja kitu kipya. Mumewe, fundi uashi mwenye mdomo, alikuwa akilalamika mezani, "Wenzetu wanakula mkate, sisi tunakula juzi."

"Akiba haiozi," mkewe alimjibu.

"Ya kwako inaota ndevu, mama. Iangalie vizuri."

Lakini msimcheke. Mtaa wao ulikaa bondeni, chini ya ukuta wa bwawa, na ukuta ule ulikuwa ukitoka jasho. Jua liwake wiki nzima, mawe ya chini yalibaki mabichi, na ukibandika kiganja pale unasikia ubaridi kama unakusukuma. Watu wa ofisi walikuja na ndoo za rangi, wakapiga mstari mwekundu kwenye kila nyumba kuonyesha maji yatakapofika siku ukuta ukiachia, wakaenda zao. Ati kazi imekwisha! Kwenye nyumba ya Mama Akiba mstari ulipita juu ya dirisha la chumba cha Bibi, mama mkwe wake, ambaye hakuwa amesimama kwa miguu yake tangu alipovunjika nyonga. Hapo ndipo alipolala mama wa watu, usiku na mchana.

Mama Akiba alishona magodoro kwenye karakana moja ya barabarani, na mabaki ya kitambaa aliruhusiwa kuondoka nayo. Ndiyo aliyoshonea mifuko mitano: wake, wa mumewe, wa binti, wa mdogo wake binti, na wa Bibi. Kila mmoja ulikuwa na chupa ya maji, biskuti, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, chumvi kidogo na kitambaa safi. Wa Bibi aliuongezea dawa na shuka. Akaitundika kwenye misumari ya korido, karibu na mlango wa nje, na kila Jumapili asubuhi wakafanya mazoezi. Alipiga makofi, kila mtu akadaka mfuko wake. Binti alimshika mdogo wake mkono, baba akachukua madumu mawili ya maji, mama akajitwika debe la mchele na kubeba sufuria. Mbio mpaka shuleni juu ya kilima! Wakirudi wanahema, Bibi aliwauliza toka kitandani, "Mmepona?" Wote wakaangua kicheko.

Basi siku moja aliporudi kazini aliugusa mfuko wa binti, akauona mzito. Akaufungua. Biskuti zilikuwa maradufu. Akaufungua wa yule mdogo: viberiti viwili. Aliwaita watoto, wakaapa kwa jina la Mungu kwamba hawajagusa kitu, na macho yao hayakuwa ya uongo. Mumewe alicheka mpaka akakohoa.

"Mwizi wa kuchukua namjua," Mama Akiba alisema. "Huyu wa kuongeza ni nani?"

"Ukikutana naye mwambie apitie na kwangu. Aniletee na soksi."

Yeye hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameshauona mfuko wa Bibi. Ulining'inia umelegea kama shati lisilo na mtu. Ndani hakukubaki kitu ila shuka na dawa. Aliujaza upya, akafunga kwa fundo la kazini kwake, lile la kufungia mdomo wa godoro, ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifungua bila kuvunja kucha. Kesho yake jioni fundo lilikuwa vilevile, limefungwa sawasawa, na mfuko hauna kitu ila shuka. Chupa ya dawa ilikuwa imewekwa juu ya kiti, peke yake, kama kitu ambacho mwenyewe hakihitaji tena.

Nyumba ile mchana haikuwa na mtu. Mume yuko kwenye ujenzi, watoto shuleni, mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa jirani ambaye huingia mara moja tu, adhuhuri, kumpa Bibi chakula.

"Mama," alimuuliza mkwewe, "leo kuna mtu aliingia zaidi ya jirani?"

"Hakuingia mtu, mwanangu."

"Na hukusikia chochote?"

Bibi alimtazama bila kupepesa. "Nyumba mkiondoka haikai kimya," alisema, akageuza uso ukutani.

Mama Akiba alitoka akitazama nyuma. Kazini alimsimulia mwenzake, mchambua pamba, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Yule mama aliendelea kuchambua, vumbi la pamba likimtua kwenye nyusi, kisha akasema, "Hiyo nyumba imeanza kumtoa mtu kwenye idadi." Heri asingesimulia! Tangu hapo kila alipompelekea mkwewe uji alisimama mlangoni kwanza, akitazama kama shuka linapanda na kushuka. Alimpenda mama yule. Ndiye aliyempokea alipokuja kuolewa na kijisanduku kimoja, ndiye aliyemfundisha kupika chungu kikatosha watu wengi.

Asubuhi moja, kila mtu alipotoka, aliujaza tena mfuko wa Bibi, akachota majivu jikoni akayachekecha kwenye korido yote, akatoka kinyumenyume na kufunga.

Jioni aliingia wa kwanza. Nyayo za jirani zilionekana, zinaenda kwa Bibi na kurudi. Na juu ya nyayo hizo kulikuwa na kitu kingine. Njia pana, laini, isiyo na mguu wala kidole, kama gunia lililoburutwa. Ilianzia chini ya mifuko ikaishia kwenye mlango wa Bibi. Mfuko wa binti ulikuwa umenona tena.

Mumewe alichuchumaa, akaitazama ile njia, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha. "Kimeingia kwa mama," alisema kwa sauti ya chini.

Na hapo, ndugu zangu, watu wazima wawili wenye akili timamu walishindwa kujiuliza swali dogo ambalo hata mtoto angeuliza. Hofu ikikaa kichwani akili hukosa pa kukaa.

Kesho yake Mama Akiba aliujaza tena mfuko wa Bibi, lakini kazini hakuvumilia. Aliiacha sindano kwenye godoro katikati ya mshono, akaomba ruhusa, akarudi nyumbani jua la utosi. Alichukua ufunguo kwa jirani, akaufungua mlango taratibu mno. Ndani giza la mchana, joto, na sauti. Kitu kikijiburuta. Kinajiburuta, kinatulia, kinavuta pumzi, kinajiburuta tena. Alishika mwimo wa mlango, akachungulia.

Kwenye korido, chini kabisa, alikuwa amekaa Bibi juu ya blanketi lililokunjwa, akijisukuma kwa viganja, makalio yakiteleza sakafuni. Alipofika chini ya misumari aliinua mkongojo wake, akautumia mpini uliopinda kuushusha mfuko wake mwenyewe, polepole, kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Akalifungua fundo la godoro kwa meno, akiutazama kila mzunguko ili alirudishe vilevile. Akatoa biskuti.

"Mama!"

Bibi alishtuka, kisha akashusha mabega. "Umerudi mapema."

"Mama, unafanya nini? Umetuua kwa hofu! Kumbe unaweza kutoka kitandani?"

"Kutoka hapa mpaka hapa naweza. Mpaka kilimani siwezi."

"Sasa kwa nini unatoa vitu vyako? Nimekuwekea dawa, nimekuwekea shuka..."

"Umeniwekea, mwanangu, Mungu akubariki. Ila kila Jumapili mimi nalala pale nasikiliza. Wewe unapanga, na unapanga vizuri. Binti amshike mdogo wake. Baba abebe madumu. Wewe debe na sufuria." Alizungumza bila hasira hata chembe, na ndicho kilichomkata mkwewe maini. "Nikahesabu mikono. Imeisha. Basi nikasema, biskuti zangu zitalowa bure humu ndani na watoto watakuwa na njaa kule juu. Akiba usiipoteze kwa mtu ambaye hatoki."

Mama Akiba alikaa chini pale pale, kwenye majivu. Alikuwa amefikiria chumvi. Alikuwa amefikiria mpaka sindano na uzi. Kila Jumapili alimwacha mama huyu kitandani kwa kuwa ni mazoezi tu, asisumbuliwe, na akamtundikia mfuko kwa kuwa naye ni mtu. Hakuwahi hata mara moja kujiuliza mfuko ule utatokaje mlangoni na nani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye anayeshona magodoro ya pamba na usufi kila siku hakuwa ameusikia uzito. Alilia kwa sauti, kama mtoto. Bibi alimpangusa pua kwa ncha ya kanga yake na kumwambia anyamaze, majirani watadhani amekufa mtu.

Usiku alimsimulia mumewe yote. Alipomaliza, mume aliinuka akaenda kukaa mlangoni pa mama yake, asiingie, asiondoke.

Kufika Jumapili alikuwa ameshona machela ya kitambaa kizito cha magodoro, mishono miwili miwili, mikono minne ya kushikia. Alipopiga makofi, debe la mchele lilibaki chini ya meza na madumu yakabaki pembeni. Binti alimshika mdogo wake. Mume akashika mbele, mke akashika nyuma, wakamnyanyua Bibi, wakatoka.

Walipanda kilima bila kupumzika. Walimtua kwenye majani ya uwanja wa shule, wote wanahema ila yeye. Bibi alitazama mikono ya mwanawe, kisha ya mkwewe, akiikagua kama anayetafuta jeraha.

"Hamjachoka?"

"Hatujachoka, mama," mwanawe alisema. "Wewe ni mwepesi."

"Mwepesi?" Alishika ukingo wa machela. "Mimi siku zote nilidhani mmenipima, mkaona sibebeki."

Mkwewe alipiga magoti, akaanza kumfunika miguu na shuka, ingawa jua lilikuwa kali.