Mkono wa Mama Vifungo

Saa moja kasorobo asubuhi. Mlango wa bati wa karakana ya ushonaji unafunguliwa, na wa kwanza kuingia ni mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Anavua viatu, anakaa kwenye stuli yake, anaipapasa cherehani mara mbili upande wa kulia kama anayemwamsha mtoto. Kisha anakanyaga pedali.

Kazi yake ni moja tu, kushona matundu ya vifungo. Shati la sare ya shule lina matundu saba, na kwa siku anapitisha mashati mia moja na ishirini.

"Nina miaka kumi na tisa kwenye kifungo," anasema bila kuinua macho, "na wala sijaiba cha mtu."

Wenzake wanacheka, ingawa ni wazi mzaha huo wameusikia mara elfu. Humu ndani anaitwa Mama Vifungo. Ana miaka sitini na miwili, na katika chama hiki cha ushirika chenye wanachama thelathini na mmoja ndiye pekee aliyebaki kati ya wale walioanza na cherehani nne za kukodi.

Mwandishi alifika hapa kwa habari nyingine kabisa. Wiki iliyopita chama kiliamua kuuza jengo na cherehani zote kwa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa. Wanachama watabaki kuwa vibarua wa kulipwa kwa kila shati. Kitabu cha kumbukumbu kinasema uamuzi ulipita kwa kauli moja, kura thelathini na moja, hakuna aliyepinga. Ilionekana habari njema ya watu wanaoelewana. Kilichokuja kujulikana kilimwacha mwandishi mdomo wazi.

Kuelewana kwao si maneno ya kupamba tu. Miaka sita iliyopita Mama Vifungo alilazwa wiki tisa kwa ajili ya mgongo. Kila jioni wenzake walibaki nusu saa zaidi kushona matundu yake, na mwisho wa mwezi mgao wake ulimfikia kitandani ukiwa kamili.

"Mshono ulikuwa mbaya, sikufichi," anasema. "Kuna shati walitoboa mpaka mfuko. Lakini wanangu walikula."

Na biashara inakwenda hivyohivyo. Shati likirudi na kasoro, hakuna anayeuliza nani kaharibu. Fundi yeyote aliye karibu na mlango husema, "Tumekosea, samahani sana," akalichukua na kulirekebisha. Katika miaka yote hiyo hakuna shule iliyowahama.

Wanasiasa nao wameshaijua njia. Kabla ya uchaguzi uliopita mgombea mmoja wa udiwani aliingia, akawapita watu wote, akaenda moja kwa moja kwenye stuli ya Mama Vifungo. Akamwamkia, akaushika mkono wake wa kulia kwa mikono miwili, akaondoka. Hakumaliza dakika nne.

"Mimi nilimjibu marahaba, mwanangu, karibu tena. Basi," anakumbuka.

"Tuliona Mama ameridhika," anasema mkataji wa vitambaa. "Tukampa kura sote. Ungempa mwingine ungeonekanaje?"

Wakati wa mapumziko ya mchana, mwandishi alizungumza na wanachama mmojammoja kando ya tangi la maji nyuma ya jengo. Swali lilikuwa jepesi: wewe mwenyewe ulitaka kuuza?

"Mimi? Hata kidogo," alisema mkataji. "Ila wenzangu walitaka."

"Sikutaka," alisema mpiga pasi. "Lakini ningewaangushaje wenzangu?"

Fundi wa ovaloki, mwanamke wa miaka ishirini na sita anayefunga kingo za vitambaa zisifumuke, aliangalia nyuma yake kwanza. "Nilinyoosha mkono bila kutaka. Si wote walikuwa wamenyoosha?"

Mwandishi aliwauliza watu kumi na wanne. Wote kumi na wanne walisema hawakutaka. Alirudia kuhesabu kwenye daftari lake akidhani ameruka mstari. Hata mwenyekiti wa chama alikuwa miongoni mwao.

"Ile barua ya mnunuzi niliisoma kwa heshima tu," alisema mwenyekiti. "Nilijua wataikataa. Kuja kuinua macho, mikono yote juu! Nikasema basi, wengi wameamua, nami nikanyoosha wangu."

Jamani! Watu wazima wameuza mali yao, na kati ya wote walioulizwa hakuna hata mmoja aliyetaka kuiuza. Mwandishi aliyekuja kuandika sifa za umoja alihisi mwili ukimsisimka.

Kwa ridhaa yao, alimpelekea Mama Vifungo habari hizo. Cherehani ilisimama katikati ya tundu.

"Kumi na wanne?"

"Wote niliowauliza, mama."

"Hata mpiga pasi?"

"Hata mpiga pasi."

Alivua miwani. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yake anayeishi naye.

"Siku ile mimi sikupiga kura, mwanangu. Nilinyoosha mkono niulize swali."

Mama Vifungo hukaa benchi la mbele kwa sababu masikio yake yamechoka. Hakusikia mwenyekiti alipotamka, "Wanaokubali?" Alikuwa anawaza ufunguo wa mlango. Tangu mwanzo ufunguo huo huzunguka, kila wiki unalala kwa mwanachama mwingine. Alitaka kuuliza, jengo likishauzwa, ufunguo atakaa nao nani? Waliokuwa nyuma yake waliuona mkono wa Mama ukipanda. Ukapanda wa pili, wa tano, kisha yote.

"Nageuka, lo! Mikono imesimama kama shamba la mahindi. Nikasema kimoyomoyo, kumbe wenzangu wameshaamua. Sasa mimi ningeushusha wangu vipi, mtu mzima, mbele ya watu?"

"Ukauacha juu?"

"Nikauacha. Katibu akaandika." Machozi yakamtoka. "Nimewauzia watu karakana yao kwa swali. Na swali lenyewe sikuliuliza."

Bado kuna mlango mmoja haujafungwa. Kanuni za chama zinataka uamuzi wa kuuza mali uthibitishwe katika kikao cha pili, na kikao hicho ni Ijumaa hii, saa nane mchana. Wasipouthibitisha, mauzo yamekufa. Wakiuthibitisha, Jumatatu mnunuzi anakabidhiwa ufunguo.

Kwa nini asisimame tu awaeleze anachotaka?

"Nikisema hapana, watasema hapana. Nikisema ndiyo, watasema ndiyo," anajibu. "Itakuwa ni mimi yuleyule mara thelathini na moja. Na nikikosea tena, je? Habari ya mkono wangu nitawaambia, ni haki yao. Ninachotaka mimi, sisemi."

Alifungua droo akatoa kopo la maziwa la zamani lililojaa vifungo vilivyobaki. Akaanza kuvitenga viwiliviwili, cheupe na cheusi, na kila jozi akaifunga kwenye kipande cha kitambaa. Kila mwanachama atapata jozi moja. Cheupe ni kubaki na karakana, cheusi ni kuuza. Kimoja kitatumbukizwa kwenye kopo lililofunikwa, cha pili kitabaki mfukoni. Mwenyekiti alipoelezwa alikubali hapohapo.

Fundi wa ovaloki alisogea, akatazama, akaelewa. Akainama sikioni kwa Mama Vifungo, lakini kwa sababu ya masikio yale ilimbidi apaze sauti, na kila mtu akasikia.

"Mama, wewe utatumbukiza kipi? Nijue mapema."

Huyu ndiye aliyesema saa moja iliyopita kwamba alinyoosha mkono bila kutaka. Mama Vifungo alimkodolea macho. Kisha akaushika mkono wake, akaweka ndani yake kitambaa chenye vifungo viwili, akaukunja.

"Sikwambii."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Ijumaa nitakaa benchi la nyuma kabisa, na mikono yangu nitaikalia," alisema Mama Vifungo, akivaa miwani yake. "Usije ukageuka kunitazama, mwanangu. Nakuomba."