Zawadi ya Magoti

Juzi nikingoja zamu yangu kwenye benchi la zahanati moja ya Siakago, nilimsikia daktari akimuuliza mzee mmoja anakunywa dawa gani, maana vipimo vilionyesha figo zake zimechoka.

"Mimi sinywi dawa," mzee akajibu.

Mkewe akafungua kiondo, akatoa mkebe wa tembe. "Na hii ya magoti?"

"Hiyo si dawa. Hiyo ni zawadi ya binti yetu, kutoka Marekani."

"Umekuwa ukiinywa tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu mjukuu azaliwe. Sasa anasoma nasari."

"Sisemi ndiyo imekuumiza, mzee. Pengine ndiyo, pengine siyo. Lakini uiache kwanza, tupime figo tena. Na umwandikie binti asitume nyingine."

Mzee akaukumbatia ule mkebe. "Kwetu mtoto akikuletea kitu hukatai. Ukikataa ni kama umemlaani." Akafikiri. "Nitamwandikia magoti yamepona."

"Ukimwambia yamepona," mkewe akasema, "atatuma mikebe miwili."

Wote kwenye benchi tukacheka, hata mimi. Lakini nilijiona katika mzee yule. Sisi wazazi tunaogopa kumkosea mtoto kwa barua, na kumwita arudi kutuzika hatuogopi.

Mzee alisugua goti, kisha akasukuma mkebe polepole hadi upande wa daktari.

"Basi andika wewe," akasema. "Mwambie ni figo. Lakini anza na asante."