Pasi Chini ya Soli

Ukikaa Point, Durban, unajifunza kuficha vitu vyako mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Kwa hiyo meli yetu ilipofunga gati Chennai, India, nasi tukapewa siku moja ya kushuka, pasi yangu ya baharia niliikunja mara mbili nikaisukuma chini ya soli ya ndani ya kiatu cha kushoto.

"Saa kumi muwe getini," afisa alituambia. "Bila pasi huingii bandarini, na meli haimsubiri mtu."

Nilishuka na mpishi wetu, Mkongo anayekaa Berea, Durban hukohuko. Kila kona nilikanyaga kwa dole gumba kuhakikisha karatasi ipo. Sokoni muuzaji wa bizari aliniapia kwamba mali yake imetoka India kabisa. "Hata wewe umetoka India," nikamwambia. "Punguza."

Kisha hekalu. Mnara wa lango ulijaa sanamu za rangi. Nilihesabu hamsini, nikarudia, nikapata arobaini na tisa. Langoni bibi mmoja alikuwa akilinda viatu vya watu. Akanyoosha vidole viwili: viatu viwili, malipo mawili. Nikanyoosha kimoja: jozi ni kitu kimoja. Tulibishana kwa vidole mpaka akachoka, akanipa kibati chenye namba sitini na moja. Nikaingia nikijisifu.

Ndani kulinukia asmini na ubani. Mawe ya uani yalikuwa ya moto, mpishi akiruka kama kuku. Tulipokata kona, dole gumba langu likakanyaga kama kawaida. Likakuta jiwe.

"Iko nini, kaka? Umeona nyoka?"

"Pasi."

"Iko wapi?"

"Kiatuni."

Akatazama miguu yangu, kisha uso wangu. "Mu kiatu! Watu wa Point, akili yote iko mu miguu!"

Papo hapo kengele zikalia. Hekalu lilikuwa linafungwa kwa mapumziko ya mchana, na walinzi wakatusukuma nje pamoja na umati. Mnara ulifanana kabisa na ule wa kwanza, ila bibi hayupo: tumetokea lango lingine. Nilikuwa nimehesabu sanamu, sikuhesabu malango. Tukauzunguka ukuta mbio, lami ikitubabua nyayo, nami naiona meli ikiondoka na mashati yangu, mimi nikijieleza ubalozini miguu mitupu.

Bibi alikuwa anakunja mkeka. Nikampa kibati, akanipa viatu. Kushoto, hamna. Kulia, hamna. Kushoto tena. Nikavihesabu viatu mara mbili, utadhani cha tatu kingetokea.

"Eish," mpishi akasema, na safari hii hakucheka.

 Bibi akaonyesha jua, akashika pua yake: alikuwa amevianika viatu vyangu pamoja na soli za ndani, harufu ilimshinda. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la sari, akatoa pasi, mikunjo yake miwili vilevile. Nikanyoosha mkono. Yeye akanyoosha vidole vitatu: kiatu, kiatu, karatasi.

"Lipa, kaka," mpishi akanong'ona.

Nililipa vyote vitatu.

Saa nane tulikuwa getini, pasi imelowa jasho kiganjani mwangu. Mpishi akasema muda bado iko, turudi sokoni.

"Nenda," nikamwambia.

Askari aliishika pasi yangu kwa ncha za vidole viwili, akaisoma, akaipepea kidogo ikauke, akanirudishia. Nikaingia.